Anayeajiri Siye Anayebakiza

Hotuba kwa mkutano wa viongozi wa hospitali na vituo vya afya

Mheshimiwa mwenyekiti, waganga wafawidhi, wauguzi wakuu, makatibu wa afya, maafisa utumishi, na ninyi wasimamizi wa wodi wachache mliofanikiwa kupata mtu wa kuwashikia zamu: asanteni kwa kunialika.

Mada niliyopewa ni kuajiri na kubakiza watumishi wa afya. Karibu kila taasisi huyaweka mambo hayo mawili chini ya paa moja, ofisi ya utumishi, na mimi nimekuja kusema hapo ndipo tunapopotea. Ofisi ya utumishi inaweza kuajiri. Kubakiza haiwezi, hata ikiwa na watu hodari kiasi gani. Mtumishi anabaki au anaondoka kutokana na yanayomkuta wodini, maabara, au chumba cha kujifungulia, na mwenye neno kubwa juu ya hayo ni kiongozi wake wa karibu, yule anayepanga ratiba ya zamu. Huyo ndiye tunayemteua kwa haraka kuliko viongozi wote, tunayemfundisha kidogo kuliko wote, na tusiyempa mamlaka yoyote ya maana.

Nitoe takwimu chache, nisije nikaonekana nimekuja kunung'unika tu. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba ifikapo 2030 dunia itapungukiwa na wahudumu wa afya wapatao milioni 18. Baadaye makadirio hayo yalishuka hadi milioni 10, na hesabu za karibuni zinataja kama milioni 11. Kwa upande wa uuguzi, ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2020 ilihesabu wauguzi milioni 27.9 na pengo la milioni 5.9. Ile ya 2025 ikahesabu milioni 29.8, na pengo la milioni 5.8. Karibu watu milioni mbili wameongezeka, na pengo limesogea kidogo tu. Sababu mojawapo ni kwamba idadi ya watu inakua, wazee wanaongezeka, na mahitaji yanapanda pamoja nao. Sababu nyingine ni kwamba tunaowaingiza kwa mlango wa mbele wanatokea wa nyuma.

Najua pia ziko nchi ambazo wahitimu wa uuguzi na udaktari wanakaa nyumbani bila kazi huku wodi hazina watumishi, kwa kuwa bajeti ya mishahara haina nafasi zao. Hilo ni la wizara za fedha na sitalimaliza leo. Leo nazungumza kuhusu wale ambao tayari mnao.

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, na mhasibu wa hospitali anaijua nafuu hiyo. Muuguzi akiacha kazi mwezi wa tatu na nafasi yake ikajazwa mwezi wa kumi, kifungu cha mishahara kinabaki na salio, na mwisho wa mwaka salio hilo linasomwa kikaoni kama ushahidi wa usimamizi mzuri wa fedha. Hakuna safu inayoonyesha saa za ziada walizofanya waliobaki (wakalipwa au wasilipwe, hiyo ni habari nyingine). Hakuna safu ya wiki ambazo mtumishi mkongwe alizitumia kumwelekeza mgeni, wala ya vipimo vilivyorudiwa kwa sababu sampuli ya kwanza ilichukuliwa vibaya, wala ya mgonjwa aliyepata vidonda vya kulalia kwa kuwa zamu nzima hapakuwa na mikono ya kumgeuza. Begani mzigo umepungua kweli. Kilichodondoka njiani ndicho kilichokuwa kinapelekwa sokoni.

Nimesoma barua nyingi za kuacha kazi, na zinafanana ajabu. "Kwa sababu za kifamilia." "Kwenda kujiendeleza kimasomo." Hakuna anayeandika kwamba amepangiwa sikukuu tatu mfululizo huku mwenzake aliye karibu na msimamizi hajawahi kukesha wodini. Hakuna anayeandika kwamba daktari alimfokea mbele ya ndugu wa mgonjwa na waliokuwepo wakaangalia pembeni. Atahitaji barua ya utambulisho kwa mwajiri anayefuata, kwa hiyo anaandika la heshima na kuaga. Nasi tunajaza fomu: sababu, familia. Kisha mwaka unaofuata tunapanga mikakati kwa kutegemea fomu hizo.

Tukiacha barua tukatazama utafiti, jambo la kwanza linalojitokeza ni mzigo. Mwaka 2002 mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani, na wauguzi zaidi ya 10,000. Kwa kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 ulipanda kwa asilimia 7, na uwezekano wa muuguzi mwenyewe kuwa katika uchovu wa kazi uliokithiri ulipanda kwa asilimia 23. Kwa hiyo anayewaambia kwamba usalama wa mgonjwa ni idara moja na ustawi wa mtumishi ni idara nyingine, mwonyesheni namba hizo.

California ilipitisha sheria ya uwiano wa wauguzi na wagonjwa mwaka 1999, ikaanza kutekelezwa 2004. Jimbo la Queensland nchini Australia likafuata mwaka 2016: kwa wastani muuguzi mmoja kwa wagonjwa wanne mchana na kwa saba usiku, katika wodi zinazohusika. Si kila nchi inaweza kuandika sheria ya namna hiyo kesho. Lakini kila hospitali inaweza kujua, saa nane usiku wa leo, muuguzi mmoja ana wagonjwa wangapi. Nyingi nilizozitembelea zinajua jumla ya vitanda na jumla ya watumishi. Ya saa nane usiku haijui mtu ila aliyekuwa zamu.

Na kuhusu ule uchovu wa kazi uliokithiri: Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la uainishaji wa magonjwa lililopitishwa mwaka 2019, lilieleza wazi kwamba si ugonjwa. Ni hali itokanayo na msongo wa muda mrefu mahali pa kazi ambao haukushughulikiwa vizuri. Mahali pa kazi, si kichwani mwa mtumishi. Ndiyo maana huwa nashindwa kuzuia kicheko ninapoona semina ya kukabiliana na msongo imepangwa siku ya mapumziko, na asiyehudhuria anaandikwa jina.

Sasa fedha. Kuna wasemaji wanaopenda kutuambia kwamba mtumishi wa afya hashikwi na fedha, anashikwa na wito. Wasemaji hao kwa kawaida wanalipwa vizuri. Malawi ilipoanzisha mpango wake wa dharura wa watumishi wa afya mwaka 2004, mojawapo ya hatua ilikuwa nyongeza ya asilimia 52 ya mshahara kwa kada zilizochaguliwa, sambamba na kupanua mafunzo, na idadi ya watumishi katika kada hizo ikapanda. Fedha inafanya kazi, tusidanganyane. Ila kiwango cha mshahara huamuliwa mbali na wengi wenu humu ndani, na malalamiko mengi niliyoyasikia wodini wala hayakuwa ya kiwango. Yalikuwa ya malimbikizo. Posho ya kuitwa usiku inayolipwa baada ya miezi. Kupandishwa daraja kulikokwama kwa sababu faili halionekani. Mshahara mdogo mtu huupangia matumizi yake akaishi nao. Posho isiyo na tarehe haipangiki, na kila mwezi inamkumbusha kwamba hakuna aliyeketi kulifuatilia jambo lake. Kufuatilia faili hakuhitaji bajeti mpya.

Kuna uchunguzi mmoja wa zamani ambao naupenda kuliko ripoti nyingi za sasa. Mwaka 1983, Marekani ikiwa katika uhaba mkali wa wauguzi, wanataaluma wa uuguzi wa huko walichunguza hospitali 163 na kuzitenga 41 zilizokuwa zikivutia wauguzi na kudumu nao wakati jirani zao wanahangaika. Zikaitwa hospitali za sumaku. Soko la ajira lilikuwa lile lile. Tofauti ilikuwa ndani: kiongozi wa uuguzi alikaa kwenye meza inayoamua, mambo ya wodi yaliamuliwa wodini, ratiba ilikubali kupindika kidogo kwa ajili ya maisha ya mtu, na daktari na muuguzi walizungumza kama wenzi wa kazi. Baadaye jambo hilo likageuzwa kuwa mpango wa ithibati wenye cheti cha kutundika ukutani. Cheti hakinisumbui. Ile hali ya ndani ndiyo naitaka, na sehemu yake kubwa hupitia mikononi mwa msimamizi wa wodi.

Huyu msimamizi anapatikanaje? Mara nyingi hivi: aliyekuwepo amestaafu au amehama, muuguzi mkuu anapitisha macho kwenye orodha, anamchukua mwenye miaka mingi, au mwenye mikono mizuri, au asiyebishana. Anakabidhiwa funguo za kabati la dawa, daftari la vifaa, na maneno "tunakuamini." Jumatatu inayofuata anatakiwa kuwapangia zamu wenzake wote, kupatanisha waliogombana, kumwambia rafiki yake wa tangu chuoni kwamba uchelewaji umezidi, kupokea wanafunzi, kujibu ndugu wenye hasira, kuandika ripoti, na bado ahesabiwe kama mmoja wa wauguzi wa zamu mwenye wagonjwa wake. Alifundishwa kuuguza, na aliuguza vizuri. Haya mengine hakuna aliyemfundisha. Akishindwa, tunasema hafai kuongoza.

Mtu wa namna hiyo anahitaji muda kwanza: saa kadhaa kila wiki ambazo hahesabiwi kwenye mgao wa wagonjwa. Najua mtasema watumishi hawatoshi. Ndiyo, hawatoshi, na kila anayeondoka kwa sababu hakuna aliyepata nafasi ya kuzungumza naye anazidi kuwafanya wasitoshe. Anahitaji pia mamlaka madogo madogo yenye uzito. Abadilishe zamu bila kuandika barua inayopita ngazi tatu. Aweze kukataa mtumishi wake kuazimwa kila siku na wodi nyingine. Awe na kifungu kidogo cha kutengeneza kitasa, kununua saa ya ukutani, kurekebisha choo cha watumishi. Msicheke kuhusu choo. Watu wanaofanya kazi kwa saa kumi na mbili mfululizo wanalijua.

Mafunzo yake nayo yasiwe warsha ya siku tatu yenye picha ya pamoja. Mwekeni karibu na msimamizi mwenzake mwenye wodi inayokalika, wakae kila baada ya wiki mbili wazungumze kuhusu watu halisi: huyu ananuna, yule anaficha makosa, mwingine yuko tayari kwa majukumu makubwa. Uongozi wa wodi hujifunzwa hivyo zaidi ya kwenye slaidi.

Nikae zaidi kidogo kwenye ratiba, maana ratiba ya zamu ndiyo sera ya utumishi ambayo mtumishi anaisoma kila siku. Ile nyingine iko kabatini. Ratiba inayotoka Ijumaa jioni kwa ajili ya Jumatatu inamwambia mtu kwamba maisha yake nje ya hospitali hayapo. Itoke wiki nne kabla, au mbili kwa uchache. Aliyetoka zamu ya jioni usiku mnene asitakiwe alfajiri. Kubadilishana zamu kuruhusiwe kwa kuandikishana tu, mradi ujuzi unalingana. Na anayerudi kutoka likizo ya uzazi asipokelewe na wiki ya usiku. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba wanawake ni kama asilimia 70 ya nguvukazi ya afya duniani, lakini nafasi za juu za uongozi wanashika takriban asilimia 25. Nikiziona kanuni za zamu za hospitali nyingi, sishangai hata kidogo kusikia nani aliziandika.

Katika hospitali moja niliyofanya nayo kazi, msimamizi wa wodi ya watoto alibandika ukutani karatasi yenye majina yote na idadi ya zamu za usiku na sikukuu ambazo kila mmoja alifanya tangu mwaka uanze. Hakuomba ruhusa. Mwanzoni kulikuwa na makelele, kwa sababu watu waliona kwa macho kile walichokuwa wakinong'onezana. Wawili waliojikuta na usiku mchache walijitolea wenyewe. Wengine hawakujitolea, akawapanga, na hakuna aliyepata la kubisha, maana karatasi iko pale. Yeye mwenyewe alikuwa wa tatu kutoka juu kwa wingi wa usiku, na nadhani hilo ndilo lililomaliza ubishi.

Jambo jingine linalomwangukia msimamizi ni usalama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya hukumbwa na ukatili wa kimwili wakati fulani katika maisha yao ya kazi. Mtumishi aliyepigwa usiku, asubuhi swali la kwanza likawa "kwani ulimwambia nini huyo ndugu?", ameanza kuondoka ingawa bado yuko kwenye orodha ya malipo.

Kuajiri kwenyewe nitakupitia kwa haraka, kwa sababu ndiko mnakokujua zaidi. Matangazo yenu yanataka mtu "mwenye uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo bila usimamizi." Hebu yasomeni tena kwa macho ya mhitimu mwenye ofa mbili mkononi. Kisha mnachukua miezi kutoa jibu, na wazuri huchukuliwa mapema. Mwiteni mwombaji wodini kwa nusu zamu kabla hajasaini, aione kazi ilivyo, na waliomo wamwone. Baadhi watakataa, na ni nafuu wakatae siku hiyo kuliko mwezi wa nne. Na kwenye meza ya usaili awepo msimamizi atakayekaa naye, mwenye haki ya kusema hapana.

Kwa vituo vya mbali na miji, tunajua kitu kimoja kwa uhakika wa kutosha: anayetoka maeneo kama hayo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kufanya kazi huko. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2010, iliyohuishwa 2021, inaliweka wazi. Japani ililifanyia kazi mapema zaidi. Chuo Kikuu cha Tiba cha Jichi, kilichoanzishwa 1972, huchukua wanafunzi kutoka kila mkoa wa nchi hiyo, ambao hulipiwa ada, nao hurudi kutumikia mikoa yao, kwa kawaida kwa miaka tisa. Uamuzi wa nani atabaki kijijini ulifanyika siku ya udahili, miaka mingi kabla ya barua ya ajira.

Mwaka wa kwanza ndio wa hatari. Mtafiti wa uuguzi Marlene Kramer aliueleza mshtuko wa wahitimu wapya tangu 1974: chuo kiliwafundisha kazi moja, wodi inawadai nyingine. Tangu wakati huo tumejua, na bado tunampeleka mgeni zamu ya usiku akiwa peke yake katika mwezi wake wa kwanza kwa sababu hana watoto. Mpeni mwenzi mkongwe, na huyo mkongwe apunguziwe wagonjwa kwa kipindi hicho. Vinginevyo malezi hayo ni adhabu kwa wote wawili. Msimamizi akae naye wiki ya pili, mwezi wa pili, na mwezi wa sita, amuulize kitu gani kingemfanya aondoke. Swali hilo mnaliuliza siku ya kuaga. Lina faida zaidi likiulizwa na mtu anayeweza kubadilisha jambo, kabla barua haijaandikwa.

Ziko taasisi zinazoshikilia vyeti vya watumishi ili wasiondoke, au zinazowafunga kwa mikataba yenye faini kubwa. Mkataba wa haki wa kurudisha huduma kwa aliyesomeshwa nauelewa. Kushikilia cheti cha mtu siuelewi, na sijui mgonjwa gani angependa kuhudumiwa na mateka.

Wengine wataondoka hata mkifanya yote. Ripoti ile ya uuguzi ya 2025 inasema muuguzi mmoja kati ya saba duniani anafanya kazi katika nchi ambayo hakuzaliwa. Kanuni za kimataifa za uajiri wa watumishi wa afya zilipitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani Mei 2010, na orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilitaja nchi 55 ambazo waajiri wa nje wanahimizwa wasizikaushe. Kanuni hizo ni za hiari, kwa hiyo msizitegemee kama ukuta. Kwa mnaopokea watumishi kutoka nje, zinasema pia kwamba mgeni apate haki na masharti sawa na mwenyeji, na mimi nimekutana na mikataba inayosema kinyume kwa herufi ndogo. Kwa mnaoagana na wanaokwenda, aganeni nao vizuri, chukueni namba zao, na wekeni utaratibu wa kuwapokea wakirudi bila kuwaanzisha daraja la chini kabisa. Anayerudi amejifunza kwa gharama ya mtu mwingine.

Ombi langu ni moja na ni la kikarani. Ripoti yenu ya robo mwaka kwa bodi ianze na jedwali la wodi kwa wodi: wangapi wameondoka, wangapi kati yao kabla ya kumaliza mwaka, na zamu ngapi zilifanyika chini ya idadi iliyopangwa. Wastani wa hospitali nzima unaficha. Mtakuta wodi moja inapoteza watu kila mwezi na ya jirani yake haijapoteza mtu, mshahara ule ule, jengo lile lile. Nendeni kwanza kwenye ile ambayo haijapoteza mtu, mkaulize msimamizi wake anafanya nini, na mkitoka hapo msimhamishe.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namwona muuguzi mkuu pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja suala la choo. Naomba yeye aanze.